Mjadala: Kabila la mtu huamuliwa na nani, ukoo au yeye mwenyewe?

Mtoa mada:

Habari zenu wadau. Naleta swali ambalo kwenye harusi tunalipitisha kwa utani, lakini kwenye misiba na mirathi limeshafarakanisha familia nyingi. Mtoto ambaye baba ni wa kabila hili na mama wa kabila lile, kazaliwa mjini na kukulia mjini, ni kabila gani? Na kauli ya mwisho ni ya nani?

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kauli ya mwisho ni yake mwenyewe. Jibu tulilozoea, kwamba mtoto ni kabila la baba, ni mila ya baadhi yetu tu. Tumeigeuza sheria ya wote.

Mimi baba yangu ni Mmakonde wa Newala, mama ni Mhaya wa Muleba. Wahaya huhesabu ukoo kwa baba: mtoto huchukua ukoo wa baba pamoja na mziro wake, yaani mwiko wa ukoo, na kibanja cha migomba hubaki upande huohuo. Kwa hiyo Muleba mimi ni Mmakonde. Wamakonde nao, kama Wamwera, Wayao na Waluguru, kwa asili huhesabu kwa mama: mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Bibi mzaa baba alitupenda sana, ila kwenye hili hakuficha: "Baba yenu ndiye wetu. Ninyi kwenu ni kwa mama yenu." Kila upande umefuata mila yake sawasawa, hakuna aliyetukosea, na mimi na wadogo zangu tukajikuta hatuna kabila. Angekuwa baba ndiye Mhaya na mama Mmakonde, tungegombaniwa na pande zote mbili. Sasa hiyo damu inayosemwa inaamua kila kitu, hapo imeamua nini?

Najua wanaosema kabila halichaguliwi wana hukumu nzito ya kuegemea. Wakili S. M. Otieno wa Nairobi alifariki Desemba 1986. Yeye Mjaluo, mkewe Wambui Mkikuyu, maisha yao ya mjini. Wambui alitaka kumzika kwenye shamba lao Upper Matasia, Ngong, akieleza kwamba mumewe alishaacha kuishi kimila. Ukoo wa Umira Kager ukasema Mjaluo huzikwa kwao. Kesi ikafika Mahakama ya Rufaa, mwili ukiwa mochwari miezi mitano, na Mei 1987 ukoo ukashinda. Hoja ya majaji ilikuwa kwamba aliyezaliwa Mjaluo hawezi kujivua mila za kwao kwa kuhamia mjini wala kwa kuoa nje. Akazikwa Nyalgunga, Siaya, na Wambui hakwenda.

Hukumu ile inaniuma mpaka leo. Mtu mzima, msomi wa sheria, baba wa familia, ameishi atakavyo, halafu siku amefunga macho watu wanasema maisha yale hayahesabiki, kinachohesabika ni alikozaliwa.

Na msiniambie mila haziguswi. Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, alirithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Ndugu wa ukoo, Bernardo Ephrahim, akashtaki, kwa kuwa mila ilimkataza mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba mila inayombagua mwanamke namna hiyo inagongana na Katiba, na mauzo yakabaki halali. Kama mwanamke ana neno juu ya shamba la ukoo, atakosaje neno juu ya nafsi yake?

Karibuni, tupingane kwa hoja.

Mwana Muleba:

Dada, umetusema nusu. Mtoto wa binti si mgeni kwetu. Ni mwihwa, ana heshima yake na ana kazi zake kwenye shughuli za ukoo ambazo hakuna mwingine wa kuzifanya. Hukukosa kabila, ulikosa kupewa nafasi uliyoitaka wewe.

Na kesi ya Otieno unaitazama kwa jicho la mjane peke yake. Wale wa Siaya hawakwenda kupora maiti ya mtu wasiyemjua, walikuwa wanamdai wa kwao. Ukoo ndio ulimpa jina kabla Nairobi haijamjua. Kabila si shati, leo navaa hili kesho lile. Mimi nimeshaona watu wanaokumbuka kwao siku ya kugawa kibanja, lakini ukiwapigia simu ya mchango wa msiba, haipokelewi. Tukisema kila mtu ajichagulie, hao ndio watakaokuwa wa kwanza kuchagua. Halafu nikuulize, Kihaya unakijua? Kimakonde je?

Mkulima wa Korosho:

Niko Newala, naomba nirekebishe kidogo. Hayo ya mjomba yapo lakini si kama zamani. Mkorosho ndio uliotubadilisha. Shamba la mtama unalima msimu huu, msimu ujao unahamia kwingine, hapakuwa na cha kugombania. Mkorosho unazaa miaka na miaka. Mzee ameupanda na wanawe, wameupalilia na wanawe, atakubalije akifa uende kwa wapwa? Wazee wakaanza kuwagawia watoto mikorosho wakiwa bado hai. Kwa sisi Waislamu, mirathi nayo ina hesabu yake kwenye dini. Bibi yako alisema kweli ya wakati wake. Ukija leo ukitaja jina la baba yako, utapokelewa kama mtoto wa nyumbani, na mikorosho yake utaonyeshwa.

Dada wa Tandika:

Mimi kabila silijui na sijawahi kulihitaji. Mama alipofariki, waliolala pale nyumbani, waliopika na waliochimba kaburi ni majirani na wenzake wa kikundi cha kuweka na kukopa. Sensa ya mwisho nchi hii kuuliza kabila ni ya mwaka 1967. Kama taifa limekaa muda wote huo bila kutuhesabu hivyo, sisi tunang'ang'ania nini?

Mtoa mada:

Mkulima, asante sana, na umenisaidia kuliko ulivyokusudia. Wazee wenyewe wa Newala walichagua: waliona mila haiwatendei haki watoto wao, wakaigeuza bila kusubiri ruhusa ya mtu. Hawakuacha kuwa Wamakonde.

Dada wa Tandika, pole kwa mama. Ila sensa kutouliza hakujaondoa swali. Nenda katoe maelezo polisi uone kama hutaulizwa kabila. Wewe umechagua Tandika na Tandika imekuzikia mama, na mimi naliheshimu hilo kama ninavyomheshimu anayechagua Muleba.

Mwana Muleba, kwenye wajibu niko na wewe kabisa. Anayesema ni wa kwenu aonekane msibani, achange, awajue wagonjwa. Lugha siiweki kwenye kipimo hicho, kwa sababu watoto wetu tumewalea kwa Kiswahili sisi wenyewe, shule ikaendelea nacho, na nyumba ya makabila mawili huongea lugha ambayo wote wanaielewa. Kihaya nakisikia, kukiongea kunanishinda. Kimakonde najua salamu. Mtoto hawezi kunyimwa kwao kwa sababu ya lugha ambayo hakufundishwa.

Lakini kuna jambo hujanijibu. Wosia wa maandishi juu ya kuzikwa Otieno hakuacha. Tuseme angeuacha, anasema wazi nizikeni Ngong. Ukoo wako ungeufuata?

Mwana Muleba:

Tungeusoma kikaoni mbele ya wote, mkewe akiwepo. Kisha kikao kingeamua.