Filamu ya wanamuziki wa klasiki iliyokukosesha usingizi: tupeane uzoefu

Kidole Gumba: Jana usiku nimeirudia The Pianist ya 2002. Pale Szpilman, yule mpiga piano Myahudi wa Poland, anapoambiwa na afisa wa Kijerumani apige piano, vidole vimekakamaa kwa baridi na njaa, nikakumbuka mwaka nilioacha kupiga kinanda kanisani kwa maneno ya mtu mmoja tu. Nimekaa macho mpaka adhana ya alfajiri. Wewe ilikugusa ipi? Simulia.

Besi wa Kigango: Hiyo hiyo. Na pale pale.

Binti wa Mwalimu: Mimi ni Amadeus, ile filamu ya mtunzi Mozart. Baba alifundisha kwaya zaidi ya miaka 30, akitunga kwa solfa kwenye madaftari ya shule. Mkono wa kulia ulipopooza alikuwa katikati ya wimbo wa mazishi, akaniita niandike. Mimi ni sauti ya kwanza, noti nazijua za kubabaisha. Analala chali, macho darini: "Sauti ya nne. So, so, la, rudi fa. Umeandika?" Nikikosea anagonga ukuta kwa mkono wa kushoto. Usiku wa tatu nilichoka, nikamjibu kwa ukali, "Baba, unausikia wewe, mimi siusikii!" Akanyamaza. Asubuhi hakuamka.

Miaka sita baadaye, bwenini chuoni, wenzangu wameweka filamu. Wala sikuwa naangalia, nakunja nguo zangu. Nikasikia mtu yuko kitandani anataja sauti moja moja, mwingine anaandika mbio, anamsihi apunguze mwendo. Nilitoka nje na shuka mkononi. Mpaka leo sijaimalizia.

Tenaa Mkongwe: Pole sana dada. Ila tusidanganyane, tukio lile la Mozart kitandani akimwandikisha misa ya wafu mtunzi mwenzake Salieri halikutokea. Mozart alifariki Desemba 5, 1791, akiwa na miaka 35, na misa ile ilikuja kumaliziwa na mwanafunzi wake, Süssmayr. Salieri hakumuua mtu. Aliwafundisha Beethoven, Schubert na Liszt, hata mtoto wa Mozart mwenyewe alipita mikononi mwake. Filamu imemchafua.

Mama Alto: Mtu anasimulia kifo cha baba yake, wewe unatuletea somo la historia?

Tenaa Mkongwe: Nimeanza na pole, rudi usome. Na Salieri naye ni marehemu, hana wa kumsemea.

Kidole Gumba: Hata The Pianist wamebadilisha. Kwenye filamu anapiga kibao cha Chopin kiitwacho Ballade ya kwanza, kumbe Szpilman halisi alipiga kingine cha Chopin, Nocturne. Nililijua hilo na bado nililia.

Fidla ya Uzeeni: Tafuteni Kinshasa Symphony ya 2010. Orkestra ya Wakimbanguisti, waumini wa kanisa la Kimbangu kule Kongo, Armand Diangienda akiwaongoza, wako kwenye Simfoni ya 9 ya Beethoven, umeme unakatika! Niliiona nikiwa na miaka 41, mwezi uliofuata nikanunua fidla. Majirani wamenivumilia sana.

Mama Alto: Turudi kwa binti yetu. Mwanangu, umalizie huo wimbo. Süssmayr naye alikuwa mwanafunzi tu.

Besi wa Kigango: Usiuguse. Uimbwe mpaka alipoishia mzee, kisha watu wanyamaze. Kwenye Lacrimosa, sehemu mojawapo ya misa ile, mwandiko wa Mozart nao unakoma mwanzoni tu.

Fidla ya Uzeeni: Mpe mwalimu wa kwaya yenu. Lakini toa nakala kwanza! Wimbo wangu mmoja ulirudi na jina la mwingine juu.

Tenaa Mkongwe: Dada, nisamehe kama nilikukata kauli. Umalizie wewe, usimpe mtu. Aliyeketi pale kitandani ni wewe.

Binti wa Mwalimu: Nimelitoa daftari kabatini sasa hivi. Neno la mwisho ni "utupokee". Sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu zimefika mwisho. Ya nne imeishia "utupo".

Besi wa Kigango: Piga picha uiweke hapa. Hiyo ni sauti yangu.