Nanunua kwa mnada Feri: nitamjuaje samaki wa baruti?

MamaVibua: Wakuu, salama? Nachukua samaki aina ya changu na vibua pale Feri, soko la samaki la Dar, nasambaza kwa mama lishe. Nasikia hata mnunuzi anakamatwa akikutwa na samaki wa baruti, yaani waliouawa kwa mlipuko. Ni kweli? Na dalali akishaanza kuita bei, mtu anakagua vipi?

Kanuni_Pwani: Ni kweli, dada. Sheria ya Uvuvi namba 22 ya 2003 haimwangalii mrusha baruti peke yake. Kuvua kwa baruti adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 5, kukutwa na baruti yenyewe miezi 12. Kuwa na samaki wa namna hiyo au kumuuza ni kosa pia, hata kama hukuwahi kupanda ngalawa.

Nanga: Anza na mashavu na macho. Samaki aliyelala muda mrefu analegea, lakini mashavu yake yamekuwa ya kahawia na macho yana ukungu. Ukikuta mashavu mekundu, macho maangavu, halafu tumbo ni teketeke kama limepondwa, shtuka. Tafuta alama ya wavu nyuma ya kichwa au jeraha la ndoana mdomoni. Kama tenga zima halina hata moja, huenda waliokotwa tu baada ya mlipuko.

Ushahidi wenyewe uko ndani. Mpasue: uti wa mgongo umevunjika au umeachana, damu imeganda kuufuata, mbavu zinabanduka kwenye nyama, kifuko cha hewa kimechanika. Wengi hukosea hapa: changu aliyevutwa kwa mshipi kutoka kina kirefu naye kifuko hupasuka, pengine utumbo ukamtokea mdomoni. Usimhukumu kwa kifuko peke yake, uti wa mgongo ndio unaosema. Taa na papa hawana kifuko hicho, kwa hiyo kipimo hicho kwao hakifai.

MamaVibua: Asante mkuu. Sasa nani ataniruhusu kupasua kabla sijalipa?

Nanga: Elewana na dalali mapema: unapasua watatu, mmoja wa juu, mmoja wa kati, mmoja wa chini ya tenga, na hao unawalipia hata ukikataa mzigo. Anayegoma kwa samaki watatu, mwache.

Kanuni_Pwani: Uliza na chombo. Namba ya usajili huandikwa ubavuni, iandike kwenye daftari pamoja na zana waliyotumia na walikovua. Wakijibu "Mbudya" au "Bongoyo", hapo kuna kosa jingine: visiwa hivyo, pamoja na Pangavini na Fungu Yasini, ni hifadhi, uvuvi hauruhusiwi.

Mwambao: Mnamwelemea mchuuzi. Baruti haioti baharini, inatoka machimboni. Mwaka 2015 vinasa sauti vya chini ya maji vilihesabu milipuko 318 ndani ya mwezi mmoja hivi katika pwani yetu, na karibu asilimia 62 ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar. Soko la mji huu ndilo lililokuwa likiivuta, nakubali, ila ghala la baruti nalo likaguliwe.

MamaVibua: Na nikiwagundua nimeshalipa?

Kanuni_Pwani: Usiwachanganye na wengine, wala usiwarudishe kimyakimya kwa dalali. Mwite afisa uvuvi wa soko mkiwa bado mnadani, dalali akiwa hapo. Ukishatoka nao getini, huna wa kusema naye kwamba walikuwa wake.