Nimeombwa kuwa mama wa ubatizo wakati imani yenyewe inanitoka. Naombeni ushauri

Machame_Juu:
Wakuu, heshima kwenu. Naomba msome mpaka mwisho kabla ya kunihukumu.

Nyumbani ni Machame, Kilimanjaro, KKKT (Walutheri) ya kizazi na kizazi. Baba ni mzee wa kanisa. Shule ya Jumapili, kipaimara, kwaya ya vijana, kote nimepita. Katekisimu Ndogo ya Luther bado iko kichwani, pamoja na lile swali lake la "maana yake ni nini?" kila baada ya kipengele. Sasa swali hilo ndilo limenishika. Najiuliza kwa kila ninachosikia kanisani, na majibu hayanitoshi.

Kubwa kuliko yote ni wazee wetu. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Waliozikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo, kabla ya hapo walimwomba Ruwa, Mungu wa Wachaga, wakalea watoto, wakapatanisha majirani, wakafa bila kulisikia jina la Yesu. Kipaimara niliuliza wako wapi, nikaambiwa niache maswali ya kishetani. Kila nikisikia mahubiri ya jehanamu nawafikiria wao. Nimefika mahali siwezi kusema kwa dhati kwamba naamini.

Dada yangu anabatiza mwanawe Krismasi hii, ukoo wote ukiwa umepanda nyumbani, na amenichagua mimi. Nitatakiwa kusimama mbele ya usharika, niikiri Imani ya Mitume, niahidi kusaidia kumlea mtoto katika imani hiyo. Nikikubali, nasema uongo madhabahuni. Nikikataa, baba atataka sababu. Nampenda sana baba yangu. Nifanyeje?

Soweto_Moshi:
Simama tu dada. Ni utaratibu, wengi wanaosimama pale hata hawafikirii wanachokisema.

Machame_Juu:
Nakuelewa mkuu, ila mimi nakifikiria. Ndiyo maana nimekuja hapa.

Mzee_Kahawa:
Binti yangu, aliyekwambia swali lako ni la kishetani alikukosea. Soma Warumi 2:14-15. Paulo anasema watu wa mataifa wasio na sheria wakifanya kwa asili yale yaliyo katika sheria, wanaonyesha kazi ya sheria iliyoandikwa mioyoni mwao. Mimi nikisoma hapo nawaona hao hao wa kihambani. Soma pia Marko 9:24, yule baba aliyelia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu hakumfukuza, alimponya mwanawe.

Nenda kwa mchungaji, lakini tafuta wa mjini asiyeijua familia yenu. Ukimwendea wa nyumbani, hata akitunza siri, watu watakuona umetoka ofisini kwake na baba ataanza kuuliza. Na mwambie lote, usimpe nusu.

Ngarenaro_Boy:
Mimi ni Mwislamu, niko Arusha, naomba niseme kidogo. Imam Ghazali alikuwa mwalimu mkubwa Baghdad, shaka ikamwingia mpaka akashindwa kufundisha. Mwaka 1095 akaondoka, akakaa miaka mingi mbali na darasa kabla ya kurudi kufundisha. Alirudi akiwa na imani, wewe huenda usirudi, sikuhukumu. Ninachotaka kusema ni kwamba hakulazimisha jibu lije upesi. Krismasi isikupangie tarehe ya kuamua kama Mungu yupo.

Rombo_Huru:
Mimi nilishatoka kabisa. Kwa sheria hakuna wa kukugusa, Katiba ya 1977 ibara ya 19 inakupa uhuru wa imani, hata wa kuibadilisha. Ila shida yako si serikali, ni nyumbani. Mama yangu nilimwambia tukiwa wawili, jikoni, wala sikubishana naye Biblia hata mstari mmoja. Alilia. Baadaye aliniuliza kama nitamzika kikanisa, nikamwambia ndiyo mama, kama unavyotaka wewe. Hapo alitulia. Wazazi wetu wengi hofu yao iko hapo: nani atawaombea, nani atawasimamia siku ya mwisho. Mjibu baba hilo hata kabla hajauliza.

Mama_Wawili:
Wote mnaongelea baba, na aliyemuomba ni dada yake! Mdogo wangu, anza na huyo. Mpigie sasa, usisubiri Desemba sare zimeshashonwa na majina yameshafika kanisani. Mwambie hutaki kumwahidi mwanawe kitu usichokuwa nacho. Kumbuka wewe ni mama mdogo wa huyo mtoto, cheo hicho hukupewa na mchungaji wala hakuna atakayekunyang'anya. Ada, homa za usiku, kumfundisha kusema kweli, yote hayo utafanya. Wa kusimama madhabahuni apatikane anayeamini. Mtoto anastahili huyo pia.

Machame_Juu:
Mama Wawili, hapo umenishika. Nitampigia dada wikiendi hii, kisha namtafuta mchungaji wa huku mjini.

Mzee Kahawa, nimesoma Warumi 2 yote. Sijashawishika, sitakudanganya. Ila swali lile nimekuwa nalo tangu kipaimara na wewe ndiye wa kwanza kulijibu kwa heshima. Mstari wa 12 unasema waliokosa pasipo sheria watapotea pasipo sheria. Huo unausomaje?