Wodi kloki ya nje inaboresha saundi kweli au napigwa?

mtoto_wa_nkuhungu
Wakuu habari za mchana. Nina kastudio kangu huku Nkuhungu, chumba kimoja cha bati, kazi zangu nyingi ni kwaya na mara mojamoja wazee wa ilimba na zeze. Intafesi yangu (kiboksi cha kuingizia sauti kwenye kompyuta) ina maiki 2 tu, ndo juzi nikaongeza priampu ya njia 8, ya kukuzia sauti za maiki, nikaiunga kwa ule waya wa mwanga wa ADAT. Tangu hapo rekodi zinagonga tik... tik... mwanzo nilidhani ni ilimba maana nayo ina mvumo wake, kumbe hata chumba kikiwa kimya ipo. Jamaa wa duka huko Dar ananiambia kloki ya ndani ya intafesi za bei hii, ile saa inayopanga lini sauti ipimwe, ni mbovu, ninunue wodi kloki ya nje, yaani kiboksi cha pembeni cha kuongoza saa hiyo, 1,800,000, eti tik itaisha na saundi nzima "itafunguka". Hiyo hela nilikuwa naitunza ya sponji za ukutani. Nijitose?

fundi_ilazo
Usitoe hata mia kwanza. Hiyo tik inakuja kwa mpangilio, kama kila sekunde moja mbili hivi? Kama ndiyo basi vifaa vyako viwili kila kimoja kinahesabu kivyake. Kwenye 48 kHz kila kimoja kinachukua sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde, ila kristali mbili zinazoendesha kloki hizo hazilingani hata siku moja, zikipishana sehemu 20 tu kwenye milioni hapo umeshapoteza karibu sampuli nzima kila sekunde, na ndo unayoisikia. Nenda kwenye mipangilio ya intafesi, pale kwenye kloki toa "Internal" weka ADAT, priampu iache kwenye ya ndani, zote 48. Maana waya wako ni mmoja na unatoka priampu kwenda intafesi, kwa hiyo priampu ndo inaongoza. Ukitaka intafesi iongoze lazima uwe na waya wa pili wa kurudi. Waya huohuo wa ADAT unabeba na kloki, huyo wa dukani hajakwambia?

bass_ya_kisasa
Mi natofautiana kidogo, mi ninayo ya nje na toka nifunge sauti imekuwa pana, ukikaa kwenye spika unasikia kabisa.

fundi_ilazo
Kaka sikubishii unachosikia, ila mpe mdogo wako awe anabadilisha, we geuka ukutani usijue ipi ni ipi, mara kumi, halafu uje na majibu. Kristali ya ndani imekaa jirani kabisa na kigeuzi chenyewe, kile kinachogeuza sauti kuwa namba. Ya nje inapita kwenye waya, halafu intafesi inabidi iifukuzie kwa saketi ya PLL, kwa hiyo hata ukileta kloki ya dhahabu jita, yaani kuyumba kwa mapigo ya kloki, inayofika kwenye kigeuzi inategemea hiyo PLL, na mara nyingi inabaki ileile au inapanda. Wodi kloki ina kazi yake, una mashine nne tano zinataka kwenda mguu mmoja, au studio za TV. Hapo vuta waya za BNC za omu 75 na ufunge mwisho wa laini vizuri. Maiki mbili na priampu moja, hapana.

mtoto_wa_nkuhungu
Wakuu nimerudi. Nilikuta intafesi iko Internal kweli, nikaweka ADAT, taa ya kusawazisha kwenye intafesi ikatulia, nimerekodi dakika 20 za ukimya hakuna tik hata moja. Nacheka peke yangu huku. Sasa kwenye hizo dakika 20 kinachosikika ni upepo unatikisa bati tu, mnajua huu wa kwetu ukianza. Sponji zitasaidia hilo au niweke dari kwanza?

bass_ya_kisasa
Dari mzee. Sponji haizuii upepo wa Dodoma, inatuliza mwangwi tu. Na mi nimefanya hiyo ya kugeuka ukutani, nimepatia 5 kati ya 10, msinicheke.