Mafundi wa Mtwara, acheni kutuuzia pampu kwa kubahatisha! (Paa la gari linafunguka likijisikia)

Wakuu, nimejizuia vya kutosha, leo naandika. Wasimamizi, huu uzi msiuunganishe na ule wa gari kutoa moshi, hauhusiani.

Mafundi wetu wa hapa, si wote lakini wengi mno, wana ugonjwa mmoja. Kitu kikigoma wanabadilisha kifaa kwanza, sababu watakuja kuitafuta baadaye kwa hela yako. Ukiuliza "umepima?" unaonekana mjuaji.

Gari yenyewe ni ya milango miwili, viti vinne, paa la bati linalojikunja na kuingia kwenye buti ukibonyeza kitufe. Kampuni siitaji, maana humu kila chapa ina mashabiki na uzi utageuka Simba na Yanga. Naikodisha kwa harusi. Msimu wa korosho pesa zikiingia watu wanaoa kwelikweli, Mtwara mjini, Mikindani mpaka Lindi, na kila bwana harusi anataka apite paa likiwa wazi na matarumbeta mbele kwenye pikapu.

Sasa paa hilo. Asubuhi linafunguka vizuri kabisa. Mchana unabonyeza, kimya. Unabamiza buti, unabonyeza tena, linakwenda. Siku nyingine linaishia njiani, limeachama juu kama kiboko, na likiwa hivyo buti halifunguki wala huwezi kuondoa gari. Hiyo ilinikuta Mikindani, bibi harusi ndani, wingu jeusi linatoka baharini, na wapiga tarumbeta wala hawakuacha kupiga. Maneno niliyopewa na mama mzazi wa bwana harusi siwezi kuyaandika humu.

Nikapeleka gereji moja, jina naliacha, wenyewe wanajijua. Fundi hakufungua hata skrubu. Hakushika tesita. Kabonyeza kitufe, katega sikio, kasema, "Bosi, pampu hiyo imekufa." Milioni moja na laki mbili, pampu ya mtumba kutoka Dar, pamoja na ufundi. Siku aliyoifunga paa likafunguka, akanipa mkono. Lingeachaje kufunguka? Hata kabla yake lilikuwa linafunguka, ndiyo maana ya tatizo la kuja na kuondoka! Wiki haikuisha, yale yale. Namrudia, "Sasa hiyo itakuwa kontrol boksi." Naomba pampu yangu ya zamani, ameshaiuza na vyuma chakavu.

Hivi kuna uchawi gani hapa? Paa la namna hii lina pampu ya haidroliki inayozungushwa na mota ya umeme. Inasukuma mafuta kwenye silinda, silinda zinainua kifuniko cha buti na kukunja paa. Anayetoa amri ni kontrol boksi, naye haendi hatua ya pili mpaka aletewe taarifa kwamba ya kwanza imekamilika. Taarifa zinaletwa na swichi ndogondogo au sensa: vibano vya mbele vimeachia, kifuniko kimefika mwisho, pazia la kutenga mizigo ndani ya buti limevutwa na kushikizwa mahali pake. Hilo pazia lisiposhika sawasawa tu, boksi linagoma, kwa sababu linajua paa litashukia mabegi. Swichi moja ikidanganya kila kitu kinasimama, na pampu haina kosa lolote.

Kwa hiyo fundi anayejiita fundi anasikiliza kwanza: nikibonyeza, rilei (swichi ya umeme inayowashwa na boksi) inalia "tak"? Kama hailii, amri haijatoka au haijafika, katafute swichi na waya. Rilei ikilia na mota iko kimya, pima umeme unaofika kwenye mota. Umeme upo wa kutosha, ethi (waya wa kurudisha umeme kwenye bodi) ni nzima, na mota bado haizunguki? Hapo ndipo nakuruhusu utamke neno pampu. Mota ikizunguka na paa lisisogee, angalia mafuta na uvujaji. Najua mota iliyoisha kaboni (vipande vinavyoingiza umeme ndani yake) nayo inaweza kufanya vituko vya kuwaka na kuzima, sikatai, lakini hiyo nayo INAPIMWA, haiotwi.

Fundi wa pili ndiye aliyetaka kunimaliza kabisa. Kakuta mafuta ya haidroliki yamepungua kidogo, kanyanyua kopo la mafuta ya breki anataka kuongezea. Nilimdaka mkono. Mifumo mingi ya hivi inatumia mafuta yatokanayo na mafuta ghafi, na sili zake (raba za kuzuia uvujaji) ni za kuendana na hayo. Ukimimina mafuta ya breki, DOT 3 au DOT 4, sili zinavimba na kuharibika, halafu silinda zote zinaanza kuvuja. Kaniuliza, "Kwani mafuta si mafuta?"

Aliyenisaidia ni kijana aliyemaliza chuo cha ufundi VETA juzijuzi, hana hata gereji. Kaja na mita yake na tochi. Kaniambia, "Kaka, wewe shikilia kitufe," yeye akawa anachezesha mkungu wa waya pale kwenye bawaba ya buti. Paa likawa linatembea na kusimama kwa kufuata mkono wake! Waya zile zinakunjwa kila buti likifunguliwa. Plastiki nje nzima, shaba ndani imekatika, ncha zinagusana na kuachana. Na ethi ya kule nyuma ilikuwa imeota kutu ya kijani. Gari inalala Shangani ya hapa Mtwara, upepo wa bahari hauna huruma na shaba. Kaunga kwa kusoda, kasugua ethi mpaka bati likang'aa, kachukua elfu thelathini.

Milioni moja na laki mbili. Elfu thelathini.

NYONGEZA: Naona majibu yenu. Mnaoniuliza kwa nini Mikindani sikulisukuma kwa mkono: huwezi kulisukuma hivihivi, mafuta yamelishikilia. Kuna vali ya kuachia presha, unaifungua kwanza, halafu mnalishusha watu wawili, kila mmoja upande wake. Ukilazimisha unapinda mikono ya paa, na hiyo ndiyo gharama ya kuuzia kiwanja.

Mnaosema gari hizi si za Mtwara: pale Madimba kuna mtambo wa kuchakata gesi wenye sensa kibao, na Watanzania wanaufanyia kazi. Tatizo si umbali na Dar.

Na wewe fundi uliyeniuzia pampu, najua humu unasoma. Ninayo, sijaikwaruza. Njoo uichukue, urudishe hela, au unirudishie ile yangu kutoka huko kwenye chakavu.

Kilichobaki ni hiki, wanaojua mnisaidie. Sasa paa linafunguka bila shida, ila wakati wa kufunga, mara mojamoja linafika mbele kabisa, haliingii kwenye vibano, taa ya dashibodi inamulika. Betri ikiwa imepumzika inasoma volti 12.1, yaani haijajaa, kwa hiyo nimeanza kulifunga injini ikiunguruma, ambapo inasoma 14. Imepunguza, haijaisha. Kijana anashuku swichi ya kibano cha mbele lakini anaogopa kuvunja plastiki ya juu ya kioo. Inafunguliwa kuanzia upande gani? Nina harusi Lindi Jumamosi ijayo. Wa "uza gari" mpite kimya.