Tupeane uzoefu: video gani iliwahi kukuharibikia ukajifunza kitu?

Wadau habari za leo. Huu uzi ni wa sisi tunaoshuti kwa simu. Naanza mimi. Mwezi wa nane nilienda Hombolo kumrekodi mzee mmoja mkulima wa zabibu anaelezea anavyopogoa mizabibu yake, kaongea dakika ishirini vitu vya maana tupu, nafika home Nkuhungu navaa hedifoni nasikia vuuuu mwanzo mwisho, upepo wa Dodoma mnaujua wenyewe. Picha safi, mzee anafungua mdomo tu. Iliniuma sana maana alisimamisha kazi zake kwa ajili yangu. Niliporudi nilimkalisha nyuma ya nyumba, upepo unaishia ukutani, simu ya pili nikaiwasha irekodi sauti tu nikaiweka mfuko wa shati lake kichwa chini, maana maiki iko upande wa kuchajia, juu yake nikafunika kipande cha blanketi la manyoya. Kabla hajaanza nikapiga kofi moja mbele ya kamera, wakati wa kuediti unalinganisha lile kofi na mlio wake basi mdomo na sauti vinaenda sawa. Hicho kipande cha blanketi sasa hivi hakitoki kwenye begi.

---

Mkuu pole. Mimi nashuti harusi na sendofu hapa mjini, kilichonitesa ni taa za ukumbini. Bibi harusi anaingia, mistari myeusi inapanda na kushuka usoni kwake, nikajua simu mbovu nikataka kuiuza. Kumbe umeme wetu ni hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na kila mzunguko taa nyingi zinapepesa mara mbili, jumla mara 100 kwa sekunde, jicho halioni ila kamera ikiwa kwenye fremu 30 (picha 30 kwa sekunde) inaona. Ingia modi ya Pro, ile ya kupanga kamera mwenyewe, weka fremu 25, shata (muda kila picha inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde, mistari inakata. Jaribu ukumbi ukiwa bado mtupu.

---

Nyongeza, saa sita mchana usimsimamishe mtu juani, macho yanakuwa mashimo. Subiri saa kumi na moja jioni. Na bonyeza uso wake kwenye kioo ushikilie mpaka fokasi na mwanga vijiloki, la sivyo wingu likipita picha inawaka na kuzima.

---

Asanteni kaka zangu. Mimi nauza mlenda wa unga, naposti statasi. Nilikuwa naanza na "jamani habari zenu, leo nitawaonyesha", watu wanapita. Siku moja nikaanza na tonge la ugali linatoka kwenye bakuli, mlenda unavutika kama uzi mpaka mdomoni, sekunde tatu tu, ndo nikarudi jikoni kuonyesha mapishi. Oda nyingi kama za siku ile sijawahi kupata. Ila mvuke unaganda kwenye lenzi, futeni kila klipu.

---

Da wa mlenda, simu ulishika mwenyewe?

---

Hapana kaka, niliiegemeza kwenye kopo la sukari, mdogo wangu ndo alikuwa anakula. Tulirudia matonge sita, alishiba.