Kikao cha waandishi kifunguliwe kwa sala?

Kalamu Kavu: Jumamosi tulikutana watu tisa huku Ntinda, Kampala, kusomeana hadithi. Kabla hata karatasi moja haijafunguliwa, mwenyekiti akasema tusimame, ndugu mmoja atuombee. Sala ikaenda dakika 20, ikageuka mahubiri. Dada mmoja alikuwa amekuja na hadithi ya mke anayemtoroka mumewe mchungaji. Zamu yake ilipofika akaikunja, akairudisha mkobani: "Nimesahau miwani." Miwani ilikuwa kichwani. Nauliza: sala ifungue kikao, au kila mtu aje ameshasali kwake?

Mama Pacha: Uganda hii harusi sala, mazishi sala, mpaka kikao cha LC1, baraza la kijiji, sala. Nyinyi waandishi ni nani? Na anayeogopa sala anajua alichoandika.

Mnubi wa Bombo: Sala sipingi, napinga dakika 20. Katika tenzi nyingi za kale mshairi anamtaja Mola, anaagiza wino na karatasi, kazi inaanza. Beti chache tu. Lakini nyinyi wa Kampala Kiswahili hamkijui, mnadhani uandishi ulishuka na wamisionari.

Ssalongo: Kiswahili! Sisi tulikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, mtu ana bunduki anasema "lala chini". Leo ndiyo lugha ya wino na karatasi?

Mnubi wa Bombo: Mimi nilikipata madrasa, ssebo, hakuna aliyenilaza chini. Na malalamiko yako yote umeyaandika kwa Kiswahili safi. Nani amekushikia bunduki?

Mama Pacha: 😂😂 Ssalongo, jibu hilo.

Ssalongo: Nimefanya biashara Busia, mpakani na Kenya, miaka sita, sikukisoma kwa mapenzi. Katiba imekiita lugha rasmi ya pili tangu 2005, haya, nenda wilayani uombe fomu ya Kiswahili uone watakavyokutazama.

Mtu wa Gulu: Jamani, mada ilikuwa sala. Mshairi wetu Okot p'Bitek hakuwa mtu wa kanisani, na Lawino, yule mke anayelalamika katika shairi lake refu, akamtoa vilevile. Tena kwa Kiingereza.

Mwalimu Mstaafu: Nusu umepata, mwanangu. Alimtunga kwa Kiacholi. Cha Kiingereza kikatangulia kuchapwa 1966, cha Kiacholi kikafuata 1969. Halafu huyo unayesema si wa kanisani aliandika kitabu kizima juu ya dini ya Waluo, akagombana na John Mbiti, kasisi aliyekuwa akifundisha Makerere, kwamba wasomi wanawavika miungu wa Waafrika kanzu za Kigiriki. Mtu asiyejali mambo ya Mungu hagombani hivyo. Na Lawino mwenyewe anasimulia darasa la dini la Wakatoliki: wanakaririshwa maneno wasiyoyaelewa, wanapiga kelele kama kasuku, nje ngoma inalia. Wanatoka, wanaenda kucheza. Huyo dada wa miwani mimi namwona humo.

Ssalongo: Kwa hiyo Wakatoliki ni kasuku? Marehemu baba alikuwa katekista. Kila mwaka alitoka Masaka kwa miguu, tarehe 3 Juni yuko Namugongo kwenye hija ya Mashahidi wa Uganda, vidole vimechubuka. Alielewa kila neno alilosema.

Mwalimu Mstaafu: Pole, Ssalongo. Nimesimulia shairi, sikumgusa mzee.

Ssalongo: Umemgusa.

Mama Pacha: Ungeyaandika hayo ya vidole, Ssalongo. Kweli nakwambia.

Ssalongo: Niyaandike nikayasome Ntinda baada ya dakika 20?

Mtu wa Gulu: Ahaa! Kumbe na wewe hutaki sala ndefu.

Ssalongo: Sikusema hivyo. Baba alisali kwa ufupi, basi.

Kalamu Kavu: Habari: yule dada amenitumia hadithi kwa simu, kurasa 14. Nimeimaliza usiku. Mama Pacha, matusi hamna. Mchungaji wake ndiye anayesali vizuri kuliko wote humo, na mke anamtoroka akiwa amepiga magoti, macho yamefumbwa. Jumamosi ijayo ameahidi kuisoma, ila anauliza nani atafungua kikao.

Mnubi wa Bombo: Mimi. Bismillahi, leteni wino.

Ssalongo: Kwa Kiswahili?

Mnubi wa Bombo: Kwa Kiswahili. Nawe njoo na vile vidole vya mzee.